Sura ya Tatu: Maili Kumi za Sultani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, akiisha kupita Mwenge na Tegeta na Boko, huingia Bunju, kata ya mwisho ya Kinondoni katika njia hiyo. Na akiendelea mbele kidogo huteremka hata Mto Mpiji, akavuka daraja, akawa yuko Mapinga, katika Wilaya ya Bagamoyo na Mkoa wa Pwani. Hakuna askari amwulizaye hati ya safari, wala bendera ngeni iliyotundikwa ng'ambo, wala sarafu ya kubadilishwa. Mikorosho ya huku na ya kule ni ya namna moja, na salamu ni zile zile. Hata hivyo amevuka mpaka halisi, uliowekwa kwa sheria na kuandikwa katika ramani za serikali: mkuu wa mkoa wa huku hana amri kule, halmashauri ya huku haitozi ushuru kule, na mtu anunuaye kiwanja Mapinga hupeleka karatasi zake Bagamoyo wala si Kinondoni, ijapokuwa nyumba yake inatazamana na mapaa ya Bunju.

Ukiifuata pwani hiyo hiyo kuelekea kaskazini, ukaziacha nyuma Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, utafika Horohoro, na mbele yake Lunga Lunga, ambapo hati huulizwa, fedha hubadilishwa, mizigo hufunguliwa na bendera ni mbili. Wadigo wa huku na Wadigo wa kule husemezana kwa Kidigo, huoana na kuzikana, na ardhi waliyoikanyaga mababu zao ilikuwa moja. Lakini wa huku huitwa Watanzania na wa kule Wakenya. Sura hii yataka kueleza kwa nini mpaka wa Mpiji ni mwepesi na ule wa Horohoro ni mzito, ilhali yote miwili ni kazi ya wanadamu na wala hakuna hata mmoja ulioteremka kutoka mbinguni.

Kinachoupa mpaka uzito ni dola iliyo nyuma yake. Mkataba uliotiwa sahihi Montevideo, nchini Uruguay, mwaka 1933, ulitaja mambo manne yanayoifanya dola iwe dola: watu wakaao daima, ardhi yenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Bunju ina watu, nao wazidi kuongezeka, ina mipaka, ina diwani, mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, lakini haina balozi katika nchi yoyote wala haiwezi kufunga mkataba na mtawala yeyote, na mamlaka yote iliyo nayo ni ya kuazimwa kutoka juu. Kwa sababu hiyo mipaka yake na ya jirani zake huweza kuhamishwa kwa tangazo la serikali bila ya tone la damu kumwagika: Mkoa wa Dar es Salaam wenyewe ulitengwa na Mkoa wa Pwani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na miongo minne baadaye Ubungo ikatolewa katika Kinondoni na Kigamboni katika Temeke, watu wakalala katika wilaya moja wakaamka katika nyingine.

Sharti la nne ndilo gumu, maana halimo mikononi mwa yule alitakaye. Somaliland ilijitangaza kuwa dola tarehe 18 Mei 1991, nayo ina serikali, jeshi, fedha yake na uchaguzi wake, na bado haijapata kiti katika Umoja wa Mataifa. Zanzibar ilipata kuwa nacho kiti hicho, kwani ilipewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na kuingia katika umoja huo mwezi ule ule. Kisha yakafuata Mapinduzi ya Januari 1964, na tarehe 26 Aprili ikaungana na Tanganyika. Leo ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi, Katiba na bendera, na Katiba hiyo, tangu ifanyiwe mabadiliko mwaka 2010, yaieleza kuwa ni nchi. Wapenzi wa kandanda waliiona tofauti ya mambo haya kwa uchungu: Machi 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na Julai ya mwaka huo huo likatengua uamuzi wake, kwa hoja kwamba dola moja haiwezi kutoa vyama viwili. Timu yake, Zanzibar Heroes, imeendelea kucheza na jirani zake katika mashindano ya CECAFA, lakini mlango wa Kombe la Mataifa ya Afrika haukufunguka. Nchi yaweza kuwa na watu waipendao kwa dhati na isiwe dola, na mimi siioni sababu ya mtu yeyote kuona haya juu ya upendo wa namna hiyo.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wa Bunju wanaijua kwa jasho lao, ingawa aghalabu hawaipi jina. Kiwanja kinapopimwa, mpimaji hufukia bikoni katika pembe zake, na mwenye kiwanja hupanda michongoma au hujenga ukuta, na ugomvi wa jirani na jirani juu ya bikoni zilizosogezwa huletwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na usipotulia huendelea hata katika mabaraza ya ardhi. Mwenye hati ni mmiliki, walakini si mtawala. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameishika kwa niaba ya raia wote kama mdhamini. Anachopewa mwananchi ni haki ya kuikalia kwa muda, ambao huwa miaka 33, au 66, au 99. Milki, basi, ni uhusiano wa mtu na kipande chake cha ardhi, na enzi ni uhusiano wa dola na ardhi yote pamoja na kila aliye juu yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwaondoa watu waliokuwa wakikaa mabondeni, Jangwani na kwingineko, ikawapa viwanja Mabwepande, jirani na Bunju. Hiyo ilikuwa enzi ikifanya kazi yake juu ya milki. Asiyezitenga hizi mbili hawezi kufahamu kitu gani kiliuzwa katika pwani hii mwaka 1890.

Maana Bunju, pamoja na Kunduchi na Mapinga na Bagamoyo, ilipata kuwa ndani ya nchi ambayo leo haimo katika ramani yoyote. Sultani Barghash bin Said, aliyeshika utawala Unguja mwaka 1870, hakuwa na mstari wa mpaka upande wa bara, wala hakuuhitaji. Enzi yake ilikuwa nzito bandarini, penye forodha na maliwali wake, na ilizidi kupungua uzito kadiri njia za misafara zilivyoingia ndani, hata kufika Tabora na Ujiji ambako ilisimama kwa heshima na biashara zaidi kuliko kwa amri. Watu wa Mrima, yaani wa pwani hii, walikuwa na majumbe wao, waliompa Sultani utii huku wakilinda haki zao katika ushuru na zawadi. Nyuma ya Mrima ilikuwa Nyika, na nyuma ya Nyika ilikuwa Bara, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo moja ilikoma na nyingine ikaanza. Wataalamu wa elimu hii hutenga namna mbili za ukingo wa mamlaka: ukanda mpana ambamo amri hufifia polepole, na mstari mwembamba ambapo amri hukoma ghafula. Usemi wa wazee, kwamba zumari ikipigwa Unguja hucheza watu walioko kwenye maziwa, unaieleza kwa ufasaha ile namna ya kwanza. Wazungu walikuja na namna ya pili.

Mkutano wa Berlin, ulioanza tarehe 15 Novemba 1884 na kwisha tarehe 26 Februari 1885, haukukaa kuigawa Afrika yote vipande vipande kama wengi wanavyofundishwa. Uliweka kanuni ambazo kwazo dola za Ulaya zingetambuana katika pwani zitakazotwaliwa, na mgawanyo wenyewe ukafanywa baadaye kwa mikataba ya dola mbili mbili. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari wa Ujerumani alitoa waraka wa himaya juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, nchi ambazo Mjerumani Carl Peters alidai kuwa amezipata kwa mikataba na watawala wa huko. Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake mwezi Agosti 1885, akalazimika kukubali. Kisha ikaundwa tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, Kitchener akiwa mjumbe wa Uingereza, kuzunguka pwani na kuchunguza enzi ya Sultani inafika wapi. Hapo ndipo dhuluma ilipojificha, kwa maoni yangu, zaidi hata kuliko katika mizinga: utawala ulioishi kwa kadiri, wenye nguvu hapa na wenye upole pale, ulitakiwa ujibu kwa ndiyo au kwa la juu ya kila kijiji, na kila mahali ambapo jibu lilikuwa katikati, likaandikwa la.

Uingereza na Ujerumani zilipatana Novemba 1886, na Sultani hakuwa na la kufanya ila kuridhia. Aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, bandari chache za Benadir, na ukanda wa pwani ulioanzia Mto Minengani upande wa kusini hata Kipini upande wa kaskazini, wenye kina cha maili kumi za baharini kuelekea bara. Maili hizo kumi, ambazo ni kama kilomita 18 na nusu, hazikutokana na mlima wala mto wala makazi ya kabila lolote. Ni tarakimu tu, iliyohesabiwa kuanzia mahali maji yanapofika wakati wa bamvua. Bunju, kwa kuwa haiko mbali na bahari, iliangukia ndani. Mapatano hayo hayo yalichora mstari mwingine, kutoka mlango wa Mto Umba hata Ziwa Jipe, ukapinda kuizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hata Ziwa Viktoria, nao ndio uliowatenga Wadigo wa Horohoro na wale wa Lunga Lunga. Hadithi isimuliwayo shuleni, kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake Kaisari, haisimami mbele ya tarikhi, kwani mjukuu huyo hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888; mpindo ule ulikuwa sehemu ya biashara ya dola mbili, moja ikabaki na Mombasa na nyingine ikabaki na mlima.

Ukanda wa Sultani haukudumu upande huu. Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi ndugu yake Barghash, aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani na ukusanyaji wa ushuru wake. Na wajumbe wa kampuni walipokuja Agosti kupandisha bendera yao Pangani na Bagamoyo, wakawadharau maliwali na majumbe, pwani nzima iliwaka. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani walipigana na kampuni mpaka ikashindwa, na Ujerumani ikamleta afisa wake Wissmann na askari wa kukodiwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikafunga mkataba mwingine, ambao kwa huo Unguja na Pemba ziliingia chini ya himaya ya Uingereza, na Ujerumani ikaupata ukanda wa pwani ulioko kusini ya Umba, pamoja na Mafia, kwa malipo ya marki milioni 4 kwa Sultani.

Hebu tuitazame bidhaa iliyolipiwa. Minazi ya Mrima haikuuzwa, wala mashamba, wala nyumba. Mwenye shamba la mihogo alibaki na shamba lake. Kilichobadili mikono kilikuwa haki ya kuamuru, ya kuhukumu, ya kutoza kodi na ya kuita watu kazini, na haki hiyo, ambayo iliwahusu zaidi wale walioishi chini yake kuliko mtu mwingine yeyote, ilihesabiwa bei na watu ambao wengi wao hawakupata kuikanyaga nchi hiyo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na ule mstari wa maili kumi, uliopita mahali fulani nyuma ya Bunju katika mapori yaelekeayo bara, ukafutika usiache hata jiwe.

Kaskazini ya Umba mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1895 Uingereza iliukodi ukanda ule ule kwa Sultani badala ya kuununua, na kwa hiyo Mombasa, Malindi na Lamu zilihesabiwa kisheria kuwa nchi ya Sultani iliyo katika himaya, ilhali bara yake baadaye ikafanywa koloni. Na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea juu ya Ngome ya Yesu hata kizazi kilichoona redio na magari. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, wako wapwani waliodai Mwambao, yaani ukanda huo, ujitawale au urudi kwa Unguja, wakishika mkononi mikataba ya kweli. Shauri lilikatwa London kwa mapatano ya Oktoba 1963, Sultani akaacha madai yake, na ukanda ukaingia katika Kenya tarehe 12 Desemba. Tarakimu moja, iliyoandikwa siku moja na kalamu moja, imesahauliwa kabisa Bunju, na Mombasa ingali inatajwa katika hoja za siasa na za ardhi hata leo.

Taifa ni jambo jingine. Dola huonekana katika ofisi, askari na mihuri. Taifa hukaa katika nia za watu. Mtaalamu Benedict Anderson, katika kitabu chake cha 1983, alieleza kwamba taifa ni jumuiya ambayo watu wake hawatakutana wote maishani na bado kila mmoja huwahesabu wengine kuwa wake. Katika mitaa ya Bunju Mzaramo ambaye ni mwenyeji hukaa ukuta kwa ukuta na Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa, Msukuma na Mpemba, nao hukutana katika misiba, katika vikao vya harusi na katika foleni ya maji, wala hakuna aonaye kuwa hilo ni jambo la kustaajabisha. Lakini ni jambo la kustaajabisha sana. Jina la Tanganyika kwa nchi hii ni la mwaka 1920, na mipaka yake ilichorwa na wageni. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, iliipokea mipaka hiyo kama ilivyo, ikaanza kuwajaza watu walioishi ndani yake moyo wa umoja, na baada ya uhuru kazi hiyo ikaendelezwa kwa Kiswahili, kwa shule, na kwa Jeshi la Kujenga Taifa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza mwananchi kabila lake. Katika sensa ya 2022, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61, hakuna aliyeulizwa. Na kutouliza huko ni siasa iliyochaguliwa kwa makusudi, ambayo mimi naihesabu katika kazi njema kubwa za dola hii.

Kwa hiyo huku kwetu mipaka ilitangulia, dola ikafuata, na taifa likaja mwisho. Mtu aweza kuuliza kwa haki kwa nini mipaka ya dhuluma isivunjwe basi, ikachorwa upya kwa kufuata watu. Wakuu wa Afrika walilikabili swali hilo Cairo mwezi Julai 1964, wakaazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru; Somalia na Moroko zilikataa, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa azimio. Naliunga mkono, na hoja yangu ni Kagera. Mstari wa mpaka wetu na Uganda hufuata digrii moja kusini ya ikweta, hauujali mto, na huacha kipande cha Tanzania ng'ambo ya kaskazini ya Mto Kagera. Idi Amin alikivamia kipande hicho Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mto ndio mpaka. Mtu akitazama ramani bila ya kuijali sheria angeweza kusema kwamba mto ni ukingo wa asili kuliko mstari usioonekana. Watu wa Kyaka na vijiji vilivyochomwa walilijua jibu la hoja hiyo. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mshindi, aliyeweza kudai alichotaka, aliuacha mstari pale pale ulipokuwa.

Insafu yataka niseme pia kwamba azimio la Cairo hutumiwa na Malawi dhidi yetu katika shauri la Ziwa Nyasa, kwa kuwa mkataba wa 1890 uliuweka mpaka ufukweni upande wetu. Tanzania hushikilia kwamba mpaka upite katikati ya ziwa, kama ilivyo desturi ya dola, na shauri bado halijakatwa.

Gharama ya kuishika mipaka hiyo walilipa wale waliokutwa upande usio wao. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi miongo katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima na kuzaa na kuzika, mpaka Tanzania ilipowapa uraia zaidi ya watu 160,000, vyeti vikatolewa mwaka 2014, na hakuna aliyetakiwa kuwa kabila jipya la Tanzania ndipo akubaliwe. Kenya, inayohesabu makabila yake, ililiendea jambo hilo kwa njia yake. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, pamoja na watoto na wajukuu wao, walikaa bila uraia mpaka walipofunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kumwona Rais. Na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43. Wavuvi wenye asili ya Pemba, ambao babu zao walivuka maji katika siku ambazo Kilifi na Pemba zilikuwa chini ya Sultani mmoja, walingoja zaidi. Walitambuliwa Julai 2023, na tangu hapo mvuvi wa Kipemba wa Kilifi aweza kuomba kitambulisho, akafungua hesabu benki, akakata leseni ya chombo chake kwa jina lake mwenyewe.